Harufu Tatu Katika Chombo Kimoja: Kisa cha Choo na Tangi la Maji Taka Kwenye Yoti ya Kilifi

Mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa ukingoni, niliitwa kwenye yoti iliyokuwa imefungwa kwenye boya ndani ya hori ya Kilifi. Chombo hicho ni cha faiba, chenye urefu wa mita 11, na msimu wa kaskazi huchukua wageni wanne pamoja na nahodha na baharia mmoja kwa safari za siku tatu au nne kuelekea Watamu, Lamu, na mara nyingine kusini hadi Wasini. Msimu uliotangulia, wageni wawili waliomba kulala sitahani kwa sababu ya uvundo wa choo. Mwenye chombo alikuwa amekwisha kutumia fedha nyingi kwa dawa za rangi ya buluu na marashi ya kutundika, na aliponipokea jambo la kwanza alilosema ni kwamba anataka tangi lote ling'olewe na litupwe.

Tangi halikung'olewa, na mpaka leo lipo palepale. Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ziara yangu ya kwanza haikumaliza tatizo, na sababu ya kutolimaliza ni kwamba nilikuwa nikitafuta chanzo kimoja cha harufu ambayo, kwa kweli, haikuwa moja.

Kwanza niueleze mfumo wenyewe. Choo kiko upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Maji ya bahari huingia kupitia koki iliyo chini ya mstari wa maji, hupita katika mpira wa milimita 19, na huvutwa na pampu ya mkono hadi kwenye ukingo wa bakuli. Pampu hiyohiyo husukuma uchafu kupitia vali ya mpira yenye umbo la mdomo wa bata, ambayo kazi yake ni kuuzuia usirudi, hadi kwenye mpira mnene wa milimita 38 unaopanda mpaka chini ya sitaha, kisha unashuka na kuingia juu ya tangi la plastiki la lita 70 lililo chini ya kitanda cha omo. Tangi lina kifuniko cha kukagulia, njia ya kunyonywa kutoka sitahani, njia ya kumwaga baharini kwa pampu, na bomba jembamba la hewa linalotokeza kwenye ubavu wa chombo. Bomba hili la mwisho nitaliita bomba la pumzi, na msomaji aliweke akilini, kwa kuwa ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Majahazi yetu hayakuwahi kuwa na shida ya namna hii. Choo cha jahazi ni kisanduku cha mbao kinachoning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na kinachotoka huanguka moja kwa moja baharini, hakihifadhiwi hata kwa dakika moja. Harufu ilizaliwa pale tulipoanza kuhifadhi. Sisemi hivyo kwa kutamani tungerudi kule, maana hori ya Kilifi imezingirwa na nchi kavu na watu huvua na kuogelea humo kila siku, na ninaona ni haki kabisa chombo kilichotia nanga humo kitunze taka zake mpaka kitoke nje. Lakini kuhifadhi kinyesi na mkojo hatua mbili kutoka mahali ambapo mtu analaza kichwa ni kazi inayohitaji kufahamika.

Katika ziara ya kwanza nilifanya jaribio ambalo kila fundi wa vyombo analijua. Nilichovya vitambaa safi vya pamba katika maji ya moto, nikavikamua, nikavizungushia mpira wa uchafu katika sehemu tano mbalimbali, nikaviacha vipoe, kisha nikavinusa kimoja baada ya kingine nikiwa nje ya chombo ambako pua haijazoea. Vitambaa viwili vilinuka vibaya, na vyote viwili vilitoka mahali ambapo mpira ulikuwa umelegea na kufanya bonde kati ya vishikizo viwili. Mpira wa uchafu, hasa ule wa bei nafuu wenye mikunjomikunjo ndani, haubaki kuwa ukuta milele. Uchafu unaposimama ndani yake siku nyingi, gesi na vimiminika hupenya taratibu katika plastiki mpaka vikatokea upande wa pili, na kuanzia hapo hata ukiusugua kwa sabuni ya namna gani, kesho yake utanuka vilevile kwa sababu harufu imo katika mwili wa mpira. Huo ulikuwa na umri wa miaka tisa.

Nilipoukata nilikuta jambo jingine. Ndani yake mlikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ule unaobaki katika birika la maji ya chumvi, na tundu lililopaswa kuwa la milimita 38 lilikuwa limebana kiasi kwamba kidole gumba changu kilipita kwa shida. Ukoko huo hutokana na ndoa ya mkojo na maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina kalisi ya takriban miligramu 400 na magnesi ya zaidi ya miligramu 1,200. Bakteria wanapovunjavunja mkojo hutoa amonia, amonia hupunguza ukali wa asidi ya mchanganyiko ule, na madini yaliyokuwa yameyeyuka huganda na kushika kuta. Uso wa ukoko huo ni wa kukwaruza, kwa hiyo hushika uchafu ambao mpira laini ungeuachilia.

Niliutoa mpira wote. Sehemu zilizonyooka nilizitia bomba gumu la plastiki, ambalo harufu hailipenyi, na katika ncha nikaweka vipande vifupi vya mpira mpya wa daraja la maji taka, kwa sababu chombo hujipinda kikipigwa na mawimbi na bomba gumu tupu lingepasuka kwenye viungo. Nilihakikisha kwamba kutoka kilele kilicho chini ya sitaha mpaka tangini hakuna bonde lolote. Nikamwambia mwenye chombo kwamba kazi imekwisha.

Siku ya kumi na moja nahodha alinipigia simu. Harufu ilikuwa imerudi.

Niliporudi Kilifi sikuanza na vifaa. Nilikaa na baharia wa chombo, kijana ambaye ndiye anayekisafisha choo kila siku na ambaye katika ziara ya kwanza sikuwa nimemuuliza neno, jambo ninalolijutia. Yeye ndiye aliyeniambia, "Fundi, harufu ya asubuhi si ile ya mchana." Nilimwomba aandike katika daftari la chombo kwa wiki mbili kila mara anaposikia harufu: saa ngapi, mahali gani, chombo kilikuwa kinafanya nini, na inafanana na nini. Kwa maoni yangu kurasa nne zile zilikuwa na thamani kuliko kifaa chochote nilichobeba kwenye sanduku langu.

Zilionyesha hivi. Harufu ya mayai viza ilikuwa ikitokea asubuhi, au baada ya chombo kukaa siku kadhaa bila watu, kwenye mivuto miwili au mitatu ya kwanza ya pampu, ikitoka ndani ya bakuli lenyewe, kisha ikaisha kabisa. Harufu ya pili, nzito, ya kinyesi iliyochanganyika na mayai viza, ilikuwa ikisikika katika chumba cha omo wakati mtu anapopiga pampu, na kwa nguvu zaidi wakati tangi limepita nusu. Harufu ya tatu ilikuwa dhaifu, ya mkojo uliochacha, ikisikika adhuhuri sakafuni kando ya choo, hata kama hakuna aliyekitumia tangu alfajiri. Mpira wa zamani ungekuwa harufu ya nne, nao tulikuwa tumekwisha kuutoa. Ndiyo maana siku kumi za kwanza watu waliona nafuu.

Hii ya tatu niimalize haraka. Kijiti cha pampu ya mkono hupita katika mpira mdogo wa kuzuia kuvuja, na mpira huo ulikuwa umelika. Kila mtu aliyepiga pampu aliacha matone machache, matone yakateremka nyuma ya kitako cha choo na kuingia katika ngama, yaani uvungu ulio chini kabisa ya chombo ambako maji hujikusanya. Tulibadilisha mpira ule pamoja na vali ya mdomo wa bata, tukaifua ngama, tukaiosha kwa maji baridi na sabuni, tukaiacha wazi siku nzima ipigwe na hewa. Ngama chafu hudanganya watu wengi: mabaki ya maji ya kuogea, dizeli kidogo na nywele vikivunda chini ya sakafu hulaumiwa choo ambacho hakina hatia.

Harufu ya pili ndiyo iliyokuwa imewafukuza wageni. Tangi la taka ni chumba cha viumbe hai. Humo mna bakteria wanaotumia oksijeni, na hao wakipata hewa ya kutosha huula uchafu na kutoa hasa kaboni dayoksaidi na maji, ambavyo havina harufu. Mna pia bakteria wasioihitaji oksijeni. Oksijeni ikiisha hao wa pili huchukua nafasi, na miongoni mwao wamo wanaopumua kwa kutumia salfeti badala ya oksijeni na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo harufu ya mayai viza. Sasa tukumbuke kwamba choo hiki huvutwa kwa maji ya bahari, na kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 2.7 za salfeti. Tangi la chombo cha baharini, kwa hiyo, lina chakula tele cha bakteria hao kuliko shimo la choo la nyumbani, na katika joto la pwani yetu kazi yao huenda mbio.

Anayetaka kuona nguvu ya hewa aende kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ambako vyoo vya nyumba za wageni ni vya mboji: havina maji ya kuvuta, uchafu huchanganywa na majani makavu na huachiwa hewa ipite. Yoti haiwezi kuiga kila kitu cha kule, lakini kanuni ni ileile. Tangi linalopumua halinuki sana. Tangi lililozibwa pumzi huvunda.

Je, tangi letu lilikuwa likipumua? Tulilijaribu kwa puto la watoto. Nahodha akiwa ndani ya mtumbwi wa mpira alifunga mdomo wa puto kwenye tundu la bomba la pumzi ubavuni, nami nikapiga pampu mara nane. Kila mpigo wa pampu ile husukuma karibu robo lita, kwa hiyo lita mbili za maji ziliingia tangini, na kwa haki lita mbili za hewa zilipaswa kutoka na kulijaza puto. Puto halikutikisika. Wakati huohuo povu la sabuni nililokuwa nimelipaka kuzunguka kifuniko cha kukagulia lilianza kutoa viputo mfululizo. Hewa yote ya tangi, pamoja na kilichomo ndani yake, ilikuwa ikitokea chini ya godoro la mgeni.

Tulifungua bomba la pumzi na kukuta limeziba mahali pawili. Katika mdomo wake mlikuwa na kichujio cha wavu kilichojaa chumvi iliyoganda, na nyuma ya wavu nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo wakati chombo kimefungwa. Hata hivyo, kosa kubwa zaidi lilikuwa la tangu mwanzo wa kazi, la yule aliyeufunga mfumo huo. Bomba lilikuwa la milimita 16, refu karibu mita tatu, na nyuma ya kabati lilishuka na kupanda tena. Siku moja tangi lilijazwa kupita kiasi, chombo kikalala upande kwa upepo, maji taka yakaingia katika bonde lile na hayakutoka tena. Hata kama wavu ungekuwa safi, hewa isingepita.

Hapa lazima niseme jambo la usalama bila kupunguza. Haidrojeni salfaidi ni sumu. Pua huinusa ikiwa hata chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa, na hilo huwafanya watu waamini kwamba pua itawaonya; lakini gesi ikifika sehemu 100 katika milioni, hisi ya kunusa hunyamaza ndani ya dakika chache, na mtu hudhani harufu imeisha ilhali imezidi. Ni nzito kidogo kuliko hewa, hivyo hukaa chini, kwenye ngama na vyumba visivyo na madirisha. Tulipofungua tangi tulikuwa watu wawili, milango yote ya sitaha ikiwa wazi, feni ikipuliza kutoka nje kuingia ndani, tangi likiwa limemwagwa na kusuuzwa mara tatu, na hakuna aliyeingiza kichwa katika tundu la kukagulia. Ninawasihi mabaharia vijana ambao huachiwa kazi hizi peke yao wakatae kuifanya peke yao.

Tuliweka mabomba mawili ya pumzi badala ya moja, kila moja la milimita 25, moja likitokea ubavu wa kushoto na jingine wa kulia, yote yakipanda mfululizo kutoka tangini bila bonde na kutokeza juu kabisa karibu na ukingo wa sitaha ili chombo kikilala upande maji ya bahari yasiingie. Mabomba hayo mawili yana eneo la kupitisha hewa linalokaribia mara tano ya lile bomba la awali. Lakini faida kubwa ni kwamba yako pande mbili: chombo kikiwa kwenye nanga, upepo husukuma hewa kuingia upande mmoja na kuitoa upande wa pili, na hewa mpya hupita juu ya uchafu usiku na mchana bila umeme. Mwenye chombo aliwahi kusikia kuhusu pampu ndogo za kupuliza hewa chini ya tangi, za aina ileile ya matangi ya samaki wa mapambo. Hizo hufanya kazi vizuri pale ambapo mabomba mawili hayawezi kupita. Kwake hazikuhitajika.

Harufu ya kwanza, ile ya asubuhi, haikuguswa na kazi hiyo yote, wala sikutarajia iguswe, maana haikuhusiana na kinyesi kabisa. Maji ya bahari si maji matupu. Yana vijimea na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vikifungiwa katika mpira wa kuingizia maji, gizani, katika joto, vinakufa, vinavunda, na bakteria wa salfeti wanafanya kazi yao humohumo kabla maji hayajafika kwenye bakuli. Mtu anapovuta pampu mara ya kwanza humiminiwa maji yaliyovunda. Hori yenye mikoko, matope na majani yanayooza hutoa maji yaliyojaa zaidi vitu hivyo kuliko bahari ya nje, na hiyo ndiyo sababu harufu ilikuwa mbaya Kilifi kuliko chombo kilipokuwa Lamu kikisafiri kila siku.

Ili kuthibitisha, kwa siku tano tulifunga koki ya maji ya bahari na kuvuta choo kwa maji matamu ya mtungi peke yake. Harufu ya asubuhi ilikoma siku ya pili. Dawa ya kudumu ilikuwa rahisi: mpira wa kuingizia maji tuliuunganisha kwa kiungo cha njia tatu na bomba la kutolea maji la sinki la kunawia mikono. Sasa baharia, kabla ya kulala na kabla ya kukiacha chombo, hufunga koki za chini, hujaza sinki maji matamu na kupiga pampu mpaka sinki likauke, na mfumo mzima hubaki na maji yasiyo na salfeti nyingi wala vijimea. Wapo wanaounganisha choo moja kwa moja na pampu ya maji ya kunywa. Hilo nalipinga kabisa, kwa sababu vali moja ikishindwa, uchafu wa choo unaweza kurudi katika maji ambayo watu wanapikia.

Lilibaki suala la mazoea, nalo liligusa hesabu. Wageni walikuwa wameambiwa wapige pampu mara tatu tu ili tangi lisijae haraka. Ukiangalia juujuu ni shauri jema: watu sita wakitumia choo mara tano kwa siku na kila mara zikitumika lita mbili na nusu, ni lita 75, na tangi la lita 70 limejaa kabla ya siku kwisha. Lakini mpira wa milimita 38 hubeba zaidi ya lita moja kwa kila mita. Mpira wa zamani ulikuwa na urefu wa mita 2.6, yaani karibu lita tatu, na mipigo mitatu ilikuwa ikisukuma robo tatu ya lita tu. Uchafu haukuwa ukifika tangini. Ulikuwa ukilala katika mpira, ukipenya, ukijenga ukoko, mpaka mtu wa tatu au wa nne ausukume. Katika njia mpya ni sehemu inayopanda tu, isiyofika mita moja, ndiyo inayohitaji kusukumwa, kisha mteremko hufanya kazi iliyobaki. Kwa hiyo mipigo sita inatosha kwa haja kubwa na minne kwa haja ndogo. Mwenye chombo alipoona hesabu hiyo alikubali kwamba kuubana mpira maji ndiko kulikouharibu.

Kuhusu dawa, nilizitoa zote. Dawa nyingi za zamani za vyoo hivi huua bakteria bila kuchagua, wakiwemo wale wanaotufaa, na tangi lenye hewa halina haja nazo. Mwenye chombo pia alikuwa akimimina jiki, na nahodha alinieleza kwamba siku moja macho yalimtoka machozi na kifua kikambana. Jiki ikikutana na amonia ya mkojo hutoa mvuke wa sumu unaochoma mapafu. Ikikutana na siki au dawa nyingine yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Isitoshe, hukausha mpira wa vali ya mdomo wa bata. Badala yake, mara moja kwa wiki baharia humimina vikombe viwili vya siki nyeupe katika bakuli jioni, hupiga pampu taratibu mpaka siki ienee katika njia ya uchafu, na huiacha ilale humo hadi asubuhi. Siki hailainishi ukoko mzee uliokwisha kuwa jiwe, lakini huzuia mpya usishike.

Tangi humwagwa wapi? Kiambatisho cha nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari unaotokana na meli, kilichoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, kinazitaka meli zinazohusika zisimwage maji taka ambayo hayajasafishwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu, yaani takriban kilomita 22. Kimeandikwa kwa ajili ya meli za safari za kimataifa zenye ujazo wa tani 400 au zaidi, au zinazoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15, na yoti hii ni ndogo kuliko hizo. Nahodha hata hivyo alichagua kukifuata kipimo hicho, na hasa hamwagi kabisa akiwa karibu na hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 1968, au Kisite. Hilo lina maana kwamba mara nyingine tangi hukaa limejaa siku mbili, na ndiyo sababu kuupa uchafu hewa kulikuwa na uzito kuliko kuliondoa tangi. Kila baada ya kumwaga, hulisuuza kwa maji safi mara mbili chombo kikiwa mwendoni, ili maji yatingishike na kuosha kuta.

Baharia aliendelea na daftari lake kutoka Desemba hadi mwisho wa Machi, wakati chombo kikiwa na wageni karibu kila wiki. Kwa miezi hiyo minne aliandika mambo matatu. Mara moja harufu ya mayai viza ilirudi asubuhi, naye akagundua kwamba usiku ule mgeni alikuwa amefungua koki ya bahari baada ya sinki kuvutwa. Mara moja kifuniko cha sitaha cha njia ya kunyonya kilivuja harufu kwa sababu mpira wake wa mviringo ulikuwa umepasuka, nao ulibadilishwa siku hiyohiyo. La tatu limejirudia: tangi likipita robo tatu na chombo kikiwa kinakwenda joshi, yaani kikiukabili upepo huku kimelala upande, mtu aliyekaa karibu na bomba la pumzi la upande wa chini husikia harufu hafifu kwa muda mfupi.

Mwenye chombo aliniuliza kama hilo la mwisho linaweza kuondolewa kwa kuweka chujio la mkaa kwenye mabomba ya pumzi. Linaweza, lakini mkaa ukilowa huziba, na hata ukiwa mkavu hupunguza hewa ileile tuliyoitafuta kwa kutoboa chombo mahali pawili. Nilimshauri asiliweke. Badala yake nahodha ameandika juu ya mlango wa choo kwamba tangi limwagwe au chombo kitie nanga kabla halijapita robo tatu, na mwezi wa Aprili, kabla ya kukifunga chombo kwa ajili ya masika, baharia alifunga kitambaa chepesi cha chandarua kwenye midomo ya mabomba yote mawili ili nyigu wasirudi, akaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya kwamba vitambaa hivyo vikaguliwe kila mwezi.